Weupe wa Kalunde

Mjukuu wangu Neema anaandika hadithi kwenye simu. Kila jioni anaweka kipande kimoja, na wasomaji wake wanamlilia aweke kingine. Juzi alinipa nisome. Nikamkuta dada mmoja humo ndani kajifungua mapacha Jumanne, na Ijumaa yuko harusini kavaa gauni la kubana, kiuno cha nyigu, ukumbi mzima umemsahau bibi harusi unamtazama yeye. Nikamuuliza, "Neema, huyu maziwa yake yako wapi?" Akasema, "Babu, hiyo ni hadithi bwana." Nikamwambia najua ni hadithi, kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha mama yako, lakini mwanamke aliyejifungua Jumanne hawezi kukaa kwenye kiti cha plastiki Ijumaa bila kuugulia. Akanuna. Na mimi nikanuna. Bibi yake akatuletea chai, tukanywa kila mtu kageukia upande wake.

Kwa hiyo haya nawaandikia ninyi, yeye na wenzake mnaoshinda kwenye vibaraza vya Isevya mkiandika kwa vidole gumba. Sina ugomvi na ninyi. Mna kasi ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo, na mna wasomaji ambao ningewaonea wivu kama umri ungeniruhusu. Lakini wanawake wenu, wanangu, wananitia hofu. Wana shepu, wana mwanya, wana miguu ya bia, weupe wao unawasha taa. Tumbo haliwaumi. Mwezini hawaingii. Hawachoki hata siku moja. Mimi niliandika wanawake wa namna hiyo kabla mama zenu hawajaolewa, na nakumbuka walikonifikisha.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maigizo ya afya. Tulikuwa na kikundi hapa Tabora, tukizunguka minadani na kwenye vituo vya reli, leo tunaigiza malaria, kesho choo, keshokutwa uzazi wa mpango. Ujumbe tulikuwa tunapewa, hadithi naitia mimi. Na kila igizo, hata lile la choo, lilikuwa na mrembo wake. Bila mrembo vijana wa mnadani wanarudi zao kwenye nyama choma.

Jamani, nilizipenda siku zile. Tulipanda treni ya Mwanza na ngoma zetu na mkeka mmoja mkubwa uliokuwa ndio jukwaa. Kila kituo akina mama walikuwa dirishani na karanga za kuchemsha, asali ya msituni kwenye chupa za soda, na masika yakianza, uyoga mkubwa kama sahani. Tulifika tumeshiba, tumechafuka, tunaimba. Siku hizi nikisikia honi ya treni usiku huwa naamka, nakaa kitandani kidogo, mke wangu ananiambia, "Lala, hawajakuita."

Sasa niwape jambo moja la ufundi, mlichukue bure. Mnadani watu wamesimama mbali na vumbi linatimka. Nani atauona mwanya? Ukitaka wamwone mrembo, waonyeshe walio karibu naye. Muuza mchele anapima huku kamkodolea macho, mchele unamwagika nje ya kisado. Fundi baiskeli anakaza spoku moja mpaka inakatika. Hapo mtu aliyesimama mwisho kabisa, anayeona kanga tu, atakuambia huyo dada ni mzuri kupindukia. Hilo niligundua mwenyewe na sijaacha kujivunia.

Nilichokuwa sikijui ni mwanamke mwenyewe. Aliyenifundisha ni Sista Veronika, mkunga wa kliniki ya mama na mtoto, aliyepewa kazi ya kukagua maigizo yangu kabla hayajatoka. Alikuwa mwembamba, mkali, Mmoraviani wa kwaya, na akicheka anashika ukuta. Mara ya kwanza nilimpelekea igizo la enzi za misafara, la binti anayemfuata mchumba wake mpagazi kutoka hapa Unyanyembe hadi Ujiji. Nilikuwa nimelitungia jasho kweli. Binti yule alitoka na mimba changa, akatembea, akavuka Malagarasi, masika yakapita, kiangazi kikapita, masika mengine yakaja, akajifungua njiani asubuhi, jioni akacheza ngoma. Sista alisoma akashika ukuta. "Mwandishi," akaniambia, "huyu kabeba mimba ya tembo?" Nikasema nimeandika tu, njia ilikuwa ndefu. Akasema, "Njia iwe ndefu, mimba ina muda wake. Na huyo anayecheza ngoma jioni, damu ya uzazi umeipeleka wapi?"

Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na sikujua damu ya uzazi inakwenda wapi. Msicheke. Nani angenifundisha? Kwetu mambo hayo yalikuwa ya jikoni, mwanaume akipita wanakohoa wananyamaza. Sista alinikalisha kwenye benchi la kliniki, mbele ya kina mama wanaosubiri kupima watoto, akachukua kibuyu kidogo akakipindua shingo chini. Akasema kizazi ndicho hiki, ila ukubwa wake ni ngumi yako. Akafunga kamba mbili kwenye mabega ya kibuyu kuonyesha mirija, akanieleza yai linakotoka, kwa nini damu huja kila mwezi, na kwamba mtoto asipopatikana, mara nyingi tu ni mwanaume mwenye shida. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Mama mmoja pale foleni akasema, "Tueleze na sisi, Sista, maana hata sisi hatujaambiwa." Basi darasa likawa la wote, na nikaacha kuona aibu.

Baada ya hapo wanawake wangu walibadilika kidogo. Walianza kukaa chini wakichoka. Lakini jambo moja halikubadilika, na hakuna aliyelisema. Katika maigizo yangu yote mzuri alikuwa na mtoto au alikuwa njiani kumpata. Asiyezaa alikuwa na macho mekundu na fimbo, na mara nyingi alikuwa ndiye mchawi.

Mrembo wetu wa kudumu alikuwa Kalunde. Aliishi hapa Isevya, anauza dagaa asubuhi na kuigiza mchana, mke wa Ramadhani fundi vitanda. Sitawaelezea sura yake, angenikataza. Mjue tu kwamba akiingia mkekani kelele zinashuka. Alikuwa na miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto, na Ramadhani ni mtoto wa pekee wa mama yake, Bi Nyamizi, mama mmoja wa Bukene, mkulima wa mpunga, anayesema jambo mara moja tu. Bi Nyamizi alikuwa anamngoja mjukuu. Kila mtu alijua anamngoja, maana kila treni iliyopita Bukene ilileta salamu zake.

Mwaka mmoja Kalunde akaanza kutakata. Alikuwa mweusi wa kung'aa, akawa maji ya kunde, halafu akawa mweupe kabisa. Tumbo nalo likaanza kuonekana chini ya kanga. Na alikuwa anatafuna udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni na wajawazito hununua. Alitembea nao kwenye pindo la kanga, anamega anatafuna hata tukiwa mazoezini. Nani angehitaji kuambiwa? Wanawake wa kikundi walipiga vigelegele. Wengine wakamuuliza anatumia krimu gani, wenzao wakawajibu si krimu, ni mimba imempenda. Bi Nyamizi akaleta mchele na beseni la kuogeshea mtoto. Na mimi, fundi wa warembo, nikamwongezea sehemu kwenye igizo jipya. Nikaandika mwenye duka anafunika taa yake anapopita Kalunde, kwa kuwa haihitajiki.

Alikuwa anatoka damu. Hilo tulilijua baadaye. Kila mwezi siku nyingi, nyingine nzito za kulowesha kanga mbili. Lakini kwetu huku kuna imani ya mimba kulala mgongoni. Wanasema mtoto anajificha mgongoni, mwanamke anaendelea kuona siku zake kama kawaida, na ipo siku mtoto atageuka kuja mbele, hata ikichukua miaka. Bi Nyamizi aliamini hivyo, mama yake aliamini hivyo, na Kalunde akaamini kwa nguvu zake zote, maana asingeamini hilo angebaki na nini? Basi kila damu ilipokuja alijifunga kanga ya ziada, akamsubiri mtoto ageuke.

Sista Veronika alikuja mazoezini kukagua igizo. Tulifika kwenye ile sehemu ya taa. Kalunde akaingia, akatembea hatua chache, akasimama akishika kifua, anahema kama aliyepanda mlima. Wenzetu wakapiga makofi wakidhani ni maigizo. Sista hakupiga. Alinyanyuka, akamvuta chini ngozi ya jicho kwa kidole gumba, akaangalia. Akamfungua kiganja, akaangalia. Akauliza, "Mimba hii inacheza?" Kalunde akasema bado, imelala mgongoni. Sista akaniangalia mimi. "Mwandishi, mnamwita huyu mrembo? Huyu hana damu."

Kalunde alipelekwa hospitali ya Kitete siku hiyo hiyo, kwa baiskeli ya Ramadhani, mimi na Sista nyuma. Wakampima kwa ile mashine ya picha. Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na uvimbe, mwingine mkubwa kama embe, umejaa kwenye kizazi. Daktari alieleza taratibu, kwa heshima. Si saratani, alisema, lakini ndio unaommaliza damu, na udongo ule mwili uliutamani kwa sababu ya kuishiwa damu. Ataongezewa damu kwanza, kisha afanyiwe upasuaji. Watajaribu kukiacha kizazi. Ikishindikana watakitoa, kwa sababu bila hivyo atakufa.

Kalunde akakataa.

Ramadhani alimbembeleza, akatoa damu yake, akalia mbele za watu bila kujificha. Kalunde akasema hakuna kitakachotolewa tumboni kwake. Siku zikaenda. Sista akaniambia niende nikaongee naye, kwamba mimi ndiye niliyezoea kumpa maneno ya kusema. Nilimkuta kakaa kitandani, midomo haina rangi. Watu waliopita walikuwa bado wanamsifu. Nilitamani kuwafukuza kwa fimbo.

"Kaka Mwandishi," akaniambia, "wakinitoa kizazi, Ramadhani atanivumilia mwaka, mama yake hatanivumilia wiki. Nitarudi wapi?" Nikasema Ramadhani ni mtu. Akasema, "Ni mtu wa mama yake." Kisha akaniuliza swali ambalo nawaachia ninyi mnaoandika. "Wewe ukimwandika mwanamke asiye na kizazi, utamwandikaje? Utampa fimbo na macho mekundu? Au unaweza kumwandika mzuri?"

Niliona haya mpaka miguu. Ningeweza kumdanganya, ndiyo kazi yangu, lakini angejua. Nikamwambia, "Sijawahi. Sijui kama naweza. Nitajaribu, lakini lazima uwepo, maana nitakosea na wewe ndiye utanisahihisha." Halafu akacheka kidogo, akasema, "Utakosea kweli. Mwite Sista."

Kizazi kilitolewa. Daktari alijitahidi, haikuwezekana. Kalunde akabaki hai, na kwa siku chache hilo lilitutosha sote. Kisha Bi Nyamizi akaja na treni. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi, Ramadhani akamweleza. Bi Nyamizi akajifunika kanga yake, akainuka, akarudi stesheni kungoja treni ya kurudi Bukene bila kuingia kumwona mgonjwa. Mwezi mmoja baadaye zikaanza habari kwamba anamtafutia mwanawe binti. Wengine walitaja mpaka jina la binti. Ramadhani alikuwa anaapa hatakubali, lakini anaapa akiangalia chini.

Kalunde alirudi kwangu damu ikiwa imejaa mwilini, mweusi tena. Kuna jirani alimpa pole kwa kuharibika rangi. Kalunde akasema anataka igizo lake nililomwahidi. Tukakaa barazani kwangu, na hapo, vijana, ndipo nilipoingia shule ya kweli. Nilimsomea la kwanza. Mwanamke wangu alilia toka mwanzo hadi mwisho. Kalunde akasema, "Analia saa ngapi na dagaa hazijauzwa?" Nikachana. La pili nikamfanya mpole, anasamehe kila mtu, anawabariki wakwe. "Huyu malaika," akasema. "Mimi nina hasira. Kuna siku nikiona mtoto wa mtu natamani kumshika, na kuna siku natamani asipite. Andika zote mbili." Nikaandika. Akasikiliza, akasema bado. "Umeandika kama vile kilichotolewa ni mimi. Mimi bado namtaka mume wangu, na yeye bado ananitaka. Hilo nalo liandike." Nilikohoa kama wale wanawake wa jikoni. Akaningoja nimalize kukohoa, na nikaliandika.

Sista naye alitia mkono wake. Alitaka watu watoke mnadani wanajua kwamba damu ya siku nyingi si ya kuvumilia, kwamba mimba hailali mgongoni, kwamba tumbo likikua mtu aende akapimwe. Nikamwomba nafasi ya kuyapitisha mdomoni mwa watu wanaobishana, wengine wakiitetea mimba ya mgongoni kwa nguvu, kama wanavyofanya kweli. Mtu hawezi kuacha imani ya mama yake kwa kukemewa na igizo. Muwape wahusika wenu haki ya kukosea kwa sababu nzuri.

Sehemu ya kwanza tuliyopangiwa ikawa Bukene. Nilimwambia Kalunde naweza kuomba tubadilishiwe. Akasema, "Kwa nini? Mchele wao mbaya?" Lakini ndani ya treni hakuimba na sisi. Ramadhani alikuja naye, akakaa dirishani na kofia mkononi. Akina mama wa karanga walipiga hodi kila kituo na hakuna aliyenunua.

Mnada ulikuwa umejaa. Wachungaji wa ng'ombe kutoka Igunga, wakulima, watoto, ngoma yetu ikawavuta wote. Na mbele kabisa, juu ya kigoda alichokuja nacho, amekaa Bi Nyamizi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Ramadhani alikwenda kumsalimia, nikaona wanaongea maneno machache, sikuyasikia. Kisha akaja kusimama nyuma yetu.

Igizo likaanza. Safari hii sikuandika mtu wa kumsifu Kalunde. Aliingia na ungo wa dagaa, akabishana bei, akamtania mumewe wa kwenye igizo mpaka wanawake wakajifunika midomo. Watu walimpenda wenyewe. Likaja la damu, likaja la mimba ya mgongoni, na mnada mzima ukaanza kubishana na waigizaji, bibi mmoja akisema yake ililala mgongoni miaka miwili na mtoto yule ndiye huyu hapa anauza ng'ombe. Tuliwaacha wabishane. Halafu Kalunde akasimama katikati ya mkeka, akasema yale maneno aliyotaka yasemwe bila kupambwa. "Nimefanyiwa upasuaji. Kizazi kimetolewa. Nimepona."

Nilikuwa namwangalia Bi Nyamizi, na najua Ramadhani alikuwa anamwangalia, na Kalunde pia. Mama huyo alikuwa kaficha nusu ya uso kwa kanga.

Kijana mmoja mchungaji, mrefu, fimbo begani, akapaza sauti kutoka nyuma. "Dada, una mume?"

Watu wakacheka. Jibu la hilo sikuwa nimemwandikia Kalunde. Akabaki amesimama, ungo mkononi, macho kwenye kile kigoda. Nilitaka kuingia mkekani kumwokoa, Sista akanishika shati.

Bi Nyamizi akainuka. Akaishusha kanga usoni, akageuka kuwakabili watu wa nyuma, akamtafuta yule kijana kwa macho mpaka akampata.

"Anaye," akasema. "Nimemzaa mimi. Katafute wako."

Akakaa kwenye kigoda chake, akajitengeneza kanga magotini. Kisha akamwambia Kalunde, "Endelea, mwanangu."